Siku ya 29 daktari alisema "ugonjwa umelala". Miaka miwili iliyofuata ndiyo ilitutoa jasho

Mkamuzi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni msomaji wa kimya kimya humu ndani, naandika kwa nadra. Lakini mwezi huu nimeona watu wawili wakiuliza habari za saratani ya damu kwa watoto, na majibu waliyopata ni "pole mkuu" na "Mungu atatenda". Sio mabaya, ila mtu aliyeambiwa hivyo leo asubuhi hospitali anahitaji na mengine. Kwa hiyo nashusha yaliyotukuta. Ni marefu, chukueni viti.

Niko Singida, kazi yangu ni kukamua alizeti. Binti yangu nimempa jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo nyumbani tunamwita Bibi. Mwaka 2021 alikuwa na miaka 6, yupo darasa la awali.

Ilianza mwezi wa saba na homa za kuja na kuondoka. Tukapewa dawa ya malaria. Ikarudi, tukaambiwa taifodi. Ikarudi, tukaambiwa UTI. Katikati ya hapo akawa analalamika miguu, hasa usiku, mke wangu akawa anamkanda na mafuta ya nazi. Sitataja kituo, maana hata mimi sikushtuka. Mtoto kupauka na kuumwa miguu nani anawaza kansa? Kilichotushtua ni siku alipopiga mswaki, fizi zikavuja damu mpaka saa nne. Mama yake akamvua nguo amwogeshe, akakuta vidoa vyekundu vidogo vidogo kama ameumwa na viroboto, na michubuko mapajani ambayo hakuna aliyempiga.

Safari hii tulipata daktari kijana, yuko mafunzoni nadhani. Akasema "mzee, kabla ya dawa yoyote nataka picha nzima ya damu." Majibu: wingi wa damu 4.6, chembe nyeupe 38,000, chembe sahani (zile za kugandisha damu) 9,000. Yule kijana aliyatazama, akatoka nje, akarudi na mkubwa wake. Wakuu, ukiona daktari anatoka kumwita mwenzake, kaa chini.

Usiku uleule tukaongezewa damu, kesho yake rufaa ya Dar.

Dar wakamtoboa mfupa wa nyonga nyuma kuchukua uloto. Kwa wasiojua, uloto ni ule ute unaounyonya kwenye mfupa wa makongoro, ndiko damu inakotengenezwa. Wakakuta umejaa chembe changa za saratani. Jina lake ni lukemia kali ya limfoblasti, ndiyo inayowapata watoto kuliko aina nyingine zote. Daktari akatuambia kuna heri mbili ndani ya hiyo shari: umri wake uko kati ya mwaka 1 na 10, na chembe nyeupe hazijafika 50,000. Watoto wa namna hiyo huitikia dawa vizuri zaidi.

Naendelea, ngoja nifunge mashine.

---

Kiti Moto

Nimeweka kiti. Usituache njiani mkuu.

---

Binti Chalinze

Pole sana kaka. Nasubiri muendelezo, nina sababu yangu.

---

Mkamuzi

Naendelea.

Wiki nne za kwanza wanaziita za kuuzima moto. Kila wiki sindano ya vinkristini kwenye mshipa. Kila siku vidonge vya deksa. Sindano za aspara kwenye paja, leo kulia kesho kutwa kushoto. Na ile ya uti wa mgongo, dawa inaingizwa kwenye maji yanayozunguka ubongo.

Hiyo ya mgongo ndiyo niliyoiogopa mimi kuliko mtoto. Mtoto analazwa ubavu, anajikunja magoti yaguse kidevu. Muuguzi mmoja mama wa makamo akamwambia Bibi: "Umewahi kumgusa jongoo? Anafanyaje?" Bibi akajikunja. "Haya, kaa hivyohivyo, jongoo hasogei mpaka mtu aondoke." Toka siku hiyo nyumbani kwetu sindano ile haina jina lingine. "Baba, leo ni siku ya jongoo?"

Deksa nayo ina vituko vyake. Mtoto aliyekuwa anabembelezwa ale kijiko kimoja akaanza kuamka saa nane za usiku anadai wali na maharage. Si chai, si mkate. Wali. Mashavu yakajaa mpaka macho yakawa mistari. Na hasira! Alimtupia mama yake kikombe cha uji, halafu akalia yeye. Tuliambiwa ni dawa, siyo tabia, lakini saa nane usiku hukumbuki.

Nywele zilianza kubaki kwenye mto wiki ya tatu. Nikaenda nikanyoa zangu. Bibi akaniangalia akasema, "Baba wewe una kichwa kibaya." Sawa.

Siku ya 29 wakamtoboa tena nyonga. Tulisubiri majibu kwenye benchi la mbao, mke wangu ameshika kanga ameivuta mpaka uzi umetoka. Daktari akaja akakaa na sisi pale pale kwenye benchi. Akasema chembe za saratani kwenye uloto zimeshuka chini ya asilimia 5, damu yake imeanza kujitengeneza, hii ndiyo tunaita rimisheni. Mke wangu akauliza: "Kwa hiyo amepona?" Akajibu: "Ugonjwa umelala, mama. Haujafa."

Sikumwelewa. Nilisikia neno "umelala" nikatafsiri ninavyotaka. Nilipiga simu Singida nikawaambia Bibi amepona, huko wakapiga vigelegele. Lile kosa la simu moja lilinigharimu miaka miwili, nitaeleza.

---

Tabibu Asilia

Mkuu pole ila umepoteza muda na hela. Mizizi ya mstafeli ukichanganya na mlonge inaua kansa yoyote ndani ya siku 40, wazungu wanaficha. Kemo, hizo dawa za kansa za hospitali, ni sumu inaua mtoto taratibu. Njoo PM.

---

Darubini

Tabibu, kaa kwa kutulia. Mimi ni mtu wa maabara, damu za hawa watoto nazitazama kwenye kioo kila wiki.

Unajua vinkristini aliyoitaja mleta uzi imetoka wapi? Kwenye majani. Yale maua madogo ya pinki na meupe yanayopandwa mbele ya nyumba, wengine wanayaita vinka, asili yake Madagaska. Miaka ya 1950 watafiti wa Canada waliyachunguza wakitafuta dawa ya kisukari, kisukari hakikushuka, zilichoshuka ni chembe nyeupe za panya. Ndipo wakaanza kuwaza saratani ya damu. Kwa hiyo hakuna mtu wa hospitali anayedharau majani. Tofauti ni kwamba hii inapimwa kwa miligramu kulingana na ukubwa wa mwili wa mtoto, na kwa kawaida haivuki miligramu 2 hata kwa mtu mzima. Na msije mkasoma hapa mkaenda kuchemsha maua ya jirani, ni sumu kwelikweli.

Mleta uzi, hilo la "umelala" ngoja niliongezee hesabu, maana ndipo watu wengi wanapokosea. Mtoto anapogundulika huwa na chembe za saratani zinazokadiriwa kufika trilioni moja mwilini. Dawa za mwezi wa kwanza zikiua 99 katika kila 100, mimi kwenye darubini nitaona uloto safi kabisa na nitaandika hivyo. Lakini piga hesabu: asilimia moja ya trilioni ni bilioni 10. Zipo. Sizioni tu.

Hili liliwafundisha watu kwa machozi. Mwaka 1948 Sidney Farber kule Boston alitoa taarifa ya watoto waliopewa dawa ya kwanza kabisa iliyofanya kazi. Walisimama kitandani, wakacheza. Baada ya miezi michache ugonjwa ukarudi. Miaka ya 1960 hospitali ya St. Jude, Memphis, Donald Pinkel na wenzake wakaona mara nyingi unarudia kwenye ubongo, maana dawa nyingi za mshipani hazifiki kule vya kutosha. Wakaunganisha dawa kadhaa, wakatibu na ubongo, wakaendelea kwa miaka, si kwa wiki. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1970 karibu nusu ya watoto walikuwa wanapona moja kwa moja. Leo nchi zenye uwezo ni karibu 9 katika 10. Huyo jongoo wenu ana kazi yake.

---

Mkamuzi

Darubini asante, ningekujua 2021 ungenisaidia. Mimi nilikuja kuelewa kwa njia ya ndago, lile gugu la shambani. Wakulima mnaijua. Unapalilia, shamba linakuwa jeupe, jirani anakusifia, wiki mbili baadaye imechipua kwa vile vibonge vilivyobaki chini. Daktari wangu kazaliwa mjini, haijui ndago, nikamwelezea mimi, akacheka akasema ataitumia kwa wazazi wengine.

---

Mgeni Mwema

Mleta uzi, mbona nasikia matibabu ya watoto wenye kansa ni bure? Sasa kilio cha nini? Au mwisho wa uzi kuna namba ya simu ya kuchangia?

---

Sista wa Zamu

Ni kweli, Muhimbili mtoto mwenye saratani halipii dawa wala kitanda. Zamani walikuwa wakitibiwa pale Ocean Road, baadaye wakahamishiwa Muhimbili, na kuna hisani za watu wa ndani na nje zinazosaidia. Nawaombea waendelee. Lakini Mgeni, wewe hujawahi kuuguza mbali na kwenu. Dawa bure, nauli si bure. Sahani ya chakula ya mama si bure. Na watoto wengine waliobaki nyumbani nao wanakula. Nimeona baba mwenye afya yake anakonda kuliko mgonjwa.

---

Mkamuzi

Mgeni, hakuna namba. Sihitaji hata shilingi, hilo limepita. Lakini kwa kuwa umeuliza: nilikuwa na mashine mbili za kukamua, sasa nina moja. Iliyouzwa iliisha kwenye nauli ya Singida na Dar, chumba Mbagala, na chakula cha mke wangu miezi ile ya mwanzo. Kama una kitu cha kuchangia, changia damu. Bibi alitumia chupa nyingi mpaka nikaacha kuhesabu, hakuna hata moja niliyojua imetoka kwa nani. Chembe sahani ndizo zilinitoa machozi: mfuko mdogo wenye rangi kama juisi ya nanasi, unaambiwa haupo, subiri. Mtoto anatoka damu puani, wewe unasubiri mtu usiyemjua akalale kwenye kitanda cha Damu Salama.

---

Darubini

Nyongeza ndogo. Damu nyekundu tunaitunza kwenye friji zaidi ya mwezi. Chembe sahani hazikai kwenye friji, zinakaa kwenye joto la chumba zikitikiswa mchana na usiku, na kawaida siku 5 tu. Ndiyo maana watu wakijitokeza kwa wingi Siku ya Uchangiaji Damu mwezi wa sita halafu wakapotea, mwezi wa nane hakuna sahani. Mwanaume anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4, uwe na miaka 18 hadi 65 na kilo 50 kwenda juu.

---

Mwana wa Kisauni

Asalaam aleikum nyote. Nami niko Mombasa. Mwana wa dadangu, miaka 4, yuko wiki ya pili ya matibabu kama hayo ya Bibi. Dadangu hawezi kusoma haya sasa, namsomea mimi kwa simu. Ameuliza mambo mawili: homa, na mtoto kutokwenda choo siku tano. Ndugu Mkamuzi, nyinyi mlifanyaje?

---

Mkamuzi

Waaleikum salaam. Mpe pole dada sana.

Choo: ni vinkristini, inafanya matumbo yasisukume choo. Siku tano ni nyingi, amwambie daktari leo, kuna dawa ya maji ya kulainisha wanampa. Asimpe ya dukani na asiingize kitu chochote nyuma, hata kipande cha sabuni kama walivyofanya wazee. Kinga ya mwili ikiwa chini mchubuko mdogo tu pale ni mlango wa vijidudu. Dawa hiyohiyo ilimfanya Bibi aumwe taya, na baadaye akawa anaburuza nyayo kama amevaa kandambili kubwa. Ilirudi sawa, ila taratibu.

Homa nakusimulia, halafu usome kwa sauti.

Mwezi wa tatu wa matibabu tulikuwa tumeruhusiwa, tupo Mbagala kwa shangazi wa mke wangu. Mimi nimerudi Singida. Saa tano usiku Bibi kashika joto, kipimo kinasoma 38.6. Wodini walishatuimbia: ikifika 38 ni gari, si panadoli. Lakini ilikuwa mvua, usiku, shangazi akasema mtoto ameogeshwa maji baridi, mpe panadoli alale, asubuhi mtaenda. Mke wangu akakubali. Joto likashuka, wakalala kwa amani. Saa kumi na moja alfajiri akamgusa mikono ya barafu, anaitwa haitiki.

Alikaa chumba cha uangalizi maalumu siku sita. Daktari alinieleza baadaye: walinzi wake wa damu, zile chembe nyeupe za kupigana na vijidudu, walikuwa 100 mahali wanapotakiwa 1,500 na zaidi, kwa hiyo kijidudu kikiingia hakuna anayekizuia, na panadoli ilichofanya ni kuzima king'ora wakati nyumba inaungua. Shangazi hakuwa na nia mbaya. Alitulisha miezi mitatu yule mama. Lakini hadi leo mke wangu hawezi kulala mvua ikinyesha usiku.

Mwambie dada awe na kipimajoto chake, na nauli ya usiku iliyofungwa pembeni haiguswi hata kwa sukari.

---

Mwana wa Kisauni

Nimesoma. Amenyamaza kitambo, kisha akasema "mnunulie kaka yule soda". Daktari ameshapigiwa kuhusu choo. Ahsante.

---

Binti Chalinze

Nilisema nina sababu yangu. Mimi nina lukemia ile nyingine, sugu ya mieloidi, ya watu wazima zaidi. Nilikuwa chuo mwaka wa pili, 2014. Tumbo limejaa upande wa kushoto, watu wanadhani mimba, kumbe ni bandama. Chembe nyeupe zilikuwa zaidi ya laki mbili.

Yangu haina kemo za mshipani. Ni kidonge kimoja, imatinibu miligramu 400, kila siku baada ya kula, na bilauri kubwa ya maji, ukikosea unatapika. Macho yanavimba asubuhi kama nimelia. Misuli ya miguu inakaza usiku. Basi. Ilipoanza kuuzwa 2001 bei yake ilikuwa haishikiki, sisi tukaokolewa na mpango wa kampuni yenyewe na shirika la hisani la Max Foundation wa kugawa bure nchi mbalimbali, ulianza 2002. Bila huo nisingekuwa naandika.

Wa kwangu ulilala mara ya kwanza 2016, kipimo cha jeni hakikuuona. Na mimi kosa langu ni lilelile la kaka. Nilipoambiwa hauonekani niliacha vidonge miezi minne kimyakimya, nilikuwa nataka kuolewa na sikutaka mchumba aone kopo. Ukaamka. Nashukuru ulilala tena. Wapo wanaoruhusiwa kuacha baada ya miaka, lakini ni kwa vipimo vya karibu na daktari anajua, siyo kwa kuficha kopo chini ya kitanda kama mimi. Mchumba nilimwambia. Ndiye anayenikumbusha kumeza.

---

Kiti Moto

Aisee Binti, heshima kwako.

Mkamuzi, ulisema ile simu ilikugharimu miaka miwili. Hujatueleza.

---

Mkamuzi

Nilikuwa nakwepa. Haya.

Baada ya ile miezi migumu ya katikati (kulikuwa na dawa nyekundu kama juisi ya rozela, ukipewa unakojoa pinki, watoto wodini wakishindana nani kakojoa rangi kali) tukaingia awamu ya mwisho, ya nyumbani. Kidonge cha merkaptopurini kila usiku. Methotreksati kila Jumanne. Mara moja kwa mwezi kliniki Dar na vinkristini, na jongoo kila baada ya wiki 12. Hiyo ndiyo miaka miwili. Mke wangu alichora kalenda ya kanisa ukutani: Jumatatu hadi Ijumaa nusu kidonge, Jumamosi na Jumapili kizima. Taarifa ya habari ya saa mbili ikianza, Bibi anajua, anakuja mwenyewe na kikombe cha maji.

Shida ni kwamba mtoto wa kwenye kalenda hafanani na mgonjwa. Nywele zimeota, tena za kujisokota, nzuri kuliko za mwanzo. Anacheza rede. Anapigana. Na ukoo mzima niliwaambia kwa mdomo wangu kwamba amepona. Kwa hiyo Machi 2022 kaka yangu mkubwa akaita kikao. Akasema: "Ulituambia mtoto mzima. Sasa kila mwezi unamsafirisha Dar kwenda kumtilia sumu, akirudi anatapika, na huku mashine umeuza. Unatibu nini?" Mama yangu naye akasema mjukuu wake asiteswe. Sikuwa na jibu. Ndago bado nilikuwa sijaiwaza.

Mwezi wa tano ni mavuno ya alizeti. Ukifunga mashine wiki hiyo umefunga mwaka. Tarehe ya kliniki ikafika, nikamwambia mke wangu tuiruke, tutaenda mwezi wa sita. Kidonge cha usiku nacho kilikuwa kinakaribia kuisha, vinatolewa kliniki. Vikaisha. Siku tisa taarifa ya habari ilianza Bibi akaja na kikombe chake, mama yake akamwambia leo hakuna, kalale.

Siku ya kumi akapiga simu yule muuguzi wa jongoo. Hakunigombeza. Aliuliza tu "Bibi hajambo?" nikasema mzima kabisa, anacheza. Akanyamaza. Akasema: "Baba, unamkumbuka kijana wa kitanda cha dirishani?"

Namkumbuka. Miaka minane, baba yake mvuvi wa ziwani. Alifika siku yake ya 29 wiki moja kabla yetu. Tulishangilia pamoja, yule baba akaninunulia maji baridi. Walirudi kwao, mtoto akanawiri, wakaona safari ni ndefu na samaki hawasubiri. Muuguzi akasema yule kijana karudi jana. Ugonjwa umerudi na umepanda kichwani.

Niliifunga mashine na watu wapo kwenye foleni na magunia. Nilikuwa sina nauli ya watatu, mke wangu akaenda na Bibi peke yao basi la alfajiri. Alimkuta yule baba nje ya wodi. Mke wangu anasema alikuwa ameshika kandambili za mtoto mkononi, amezishika tu. Kijana alifariki Agosti.

Kaka yangu sikumwambia chochote. Nilimpeleka. Kliniki ya Septemba nilimchukua yeye badala ya mke wangu, akalala nje kwenye benchi na wazazi wengine usiku mmoja, wakamsimulia wao. Tangu hapo hata nauli akawa anatoa yeye.

---

Kiti Moto

Dah.

---

Sista wa Zamu

Sisi tuna daftari la wanaopotea. Ukipiga simu unajiandaa kwa jibu. Mkamuzi, nashukuru umeliandika bila kujipamba.

Jambo moja la wodini kabla sijasahau: hivyo vidonge vya nusu, mlikuwa mnakata na nini?

---

Mkamuzi

Hahaa sista umenikamata. Mwanzoni kisu cha kukatia nyanya. Tukafokewa. Baadaye wakatupa kikatio chake na glavu, na kisu tukatupa chooni.

---

Sista wa Zamu

Nilijua! Wazazi, vumbi la vile vidonge si la kuchezea, hasa kama mama ni mjamzito. Kikatio chake peke yake, glavu, nawa mikono. Na shuleni mwambieni mwalimu mkuu: kukiwa na mtoto mwenye tetekuwanga au surua darasani, apige simu siku hiyohiyo. Kwa mtoto anayemeza dawa hizi tetekuwanga si ugonjwa wa kujikuna.

---

Mkamuzi

Kweli kabisa. Mwalimu wetu alipiga simu 2023, Bibi akakaa nyumbani wiki tatu akifundishwa kuhesabu na magunia.

Kidonge cha mwisho alimeza Januari 2024. Hatukufanya sherehe. Taarifa ya habari ilianza kesho yake, akaja na kikombe, mama yake akamwambia zimeisha. Akasimama hajui aende wapi, halafu akayanywa tu yale maji.

Sasa ni kupima damu, si dawa. Mwanzo kila mwezi, sasa kila miezi miwili. Wametuambia ikishapita miaka mitano bila kurudi ndipo watatumia lile neno aliloulizia mke wangu kwenye benchi. Tumebakiza minne na kidogo. Usiku wa kuamkia majibu silali, hilo sidanganyi. Mtoto akisema mguu unauma namvua soksi naangalia vidoa.

Keshokutwa tuna kliniki. Siku hizi tunakwenda hadi Dodoma kwa basi, pale tunapanda treni ya umeme, Bibi anataka dirishani.

---

Mwana wa Kisauni

Twawaombea. Wetu siku ya 29 yake ni Ijumaa ijayo. Dadangu amesema hatapiga simu kwa mtu.

---

Mkamuzi

Wakuu, tumetoka kliniki sasa hivi. Wingi wa damu 12.3, chembe nyeupe 6,100, sahani 284,000, zote sawa. Muuguzi wa jongoo yupo zamu, Bibi amemfikia begani, wakapimana. Treni yetu ni ya jioni, na huyu hapa anadai chipsi kuku.

Mwana wa Kisauni, mwambie dada Ijumaa aende na kitu cha kukalia, mabenchi ni magumu.